Keki ya Dang'a

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako limepona, au bado unalikanda kwa maji ya chumvi? Na mahindi ya bondeni, mvua imeyakuta ardhini au mlichelewa? Mimi ni mzima wa mwili na shule naenda kila siku. Huku Uru baridi imepungua na watu wanachuma kahawa. Kabla hujaendelea nakuomba kitu kimoja: soma barua hii peke yako, na usimkatie mdogo wangu Anjela tiketi ya basi mpaka uimalize.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Ukipiga Jumapili, Shangazi huweka spika, anakaa karibu yangu akichambua mchele, nami nabaki kusema "kwema, Mama, kwema". Barua hii naiandikia maktabani wakati wenzangu wanakula. Mwalimu wa maktaba ameahidi kuipeleka posta mwenyewe.

Unajua Shangazi anaoka keki za kuuza. Inayompa jina ni keki ya jibini, ambayo wateja wake wa Moshi mjini wanaiita chizikeki. Chini ni biskuti zilizopondwa na siagi, juu ni jibini laini iliyopigwa na mayai na sukari. Kuna kitabu cha mapishi hapa maktaba kinachosema jibini hiyo ina aina nyingi. Ipo krimu chizi, ya madukani, ambayo Shangazi hununua kipakiti kimoja tu ili aonyeshe wateja. Ipo rikota: unachemsha maziwa, unakamulia limau, yanakatika. Ipo ya mtindi ulioning'inizwa kwenye kitambaa safi hadi maji yote yachuruzike, na hiyo ndiyo kazi yangu kila jioni. Halafu ipo ya Waitaliano, maskapone, ya krimu tupu, nzito, ya rangi ya siagi. Hiyo sijawahi kuiona. Nilisoma ukurasa wake hadi nikaukariri, unajua nilivyo.

Mwezi uliopita, Ijumaa jioni, Rozi alizaa ndama jike. Rozi ni mmoja wa ng'ombe wawili wa Shangazi. Asubuhi yake Shangazi aliwakamua wote, akaniachia ndoo mbili na kushuka mjini kununua mayai.

"Ndogo mpe ndama, yote," alisema. "Kubwa tengeneza jibini ya kesho."

Kesho yake ilikuwa sherehe ya kipaimara cha kijana wa jirani, na keki ilikuwa yetu.

Nikafunua ndoo ndogo. Maziwa yalikuwa ya njano, mazito kama uji. Mama, sisi nyumbani hatujawahi kufuga. Sikujua kwamba ile ni dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, na kwamba ndama asipoinywa siku ya kwanza hana kinga ya ugonjwa wowote. Mimi niliona ule ukurasa wa maskapone. Nikaona ni kufuru kumpa ndama krimu kama ile. Nikampa maziwa ya ndoo kubwa, akanywa na kutikisa mkia, nami nikaipasha dang'a moto na kuitia limau. Ilishikana upesi kuliko rikota yoyote. Niliimba, Mama. Shangazi aliporudi, bakuli lilikuwa limeshatiwa sukari na vanila. Alilitupia jicho, akasema, "Leo angalau umefanya kitu," akaingiza keki kwenye oveni.

Sherehe ilikuwa chini ya turubai, muziki mkubwa, MC mwenye suti ya kung'aa. Kijana akakata keki, akawalisha wazazi wake kama desturi ilivyo. Mama yake alitafuna taratibu, akaacha kutafuna. Halafu keki ikazungushwa mezani, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akanusa kipande chake.

"Filomena!" alimwita Shangazi. "Hii si jibini. Hii ni dang'a. Nimeila tangu nikichunga ng'ombe, huwezi kunidanganya."

"Umetulisha chakula cha ndama!" mama mmoja akadakia.

"Basi kesho tutaota mikia!" mwingine akaongeza.

Turubai zima lilicheka. Shangazi alikuwa amesimama na sinia, na niliona uso wake ukibadilika. MC akasema kwenye kipaza sauti, "Mpishi wetu ni nani? Apite mbele tumpongeze!" Nilijua Shangazi angeweza kunyamaza. Alichukua kipaza sauti.

"Mpishi ni huyu hapa, mtoto wa marehemu kaka yangu. Msimlaumu. Huko kwa mama yake ng'ombe wanamwona kwenye kalenda."

Wakacheka tena. Akanivuta mkono hadi mbele, akachukua uma. "Keki ni ya kulishana, nami namlisha. Fungua, mama. Fungua." DJ akaweka wimbo uleule aliowapigia wazazi, watu wakapiga makofi kwa kufuata mdundo. Nilikula kipande cha kwanza, cha pili. Ilikuwa ngumu kama mpira, na ilinuka zizi. Nilipofika cha tano kilirudi hadi mdomoni. Nikakimeza upya, kwa sababu gauni nililovaa lilikuwa la kuazima.

"Ndama wetu ameshiba!" akatangaza MC.

Jumatatu jina langu shuleni lilikuwa Dang'a, na bado ndilo hilo. Mwalimu wa Biolojia alinisimamisha nieleze darasa kinga ya ndama inatoka wapi. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nimeshasoma.

Ndama alianza kuharisha Jumapili hiyohiyo usiku, akafa Jumatano. Shangazi alinipa jembe. "Chimba wewe, shimo lako hilo." Nilichimba nyuma ya migomba. Rozi alilia siku tatu, na kila alipolia Shangazi aliniambia, "Msikie, anakuita. Anauliza mtoto wake umempeleka wapi." Hapo hakuwa akinionea, Mama. Niliyemuua ni mimi.

Wiki hiyohiyo ndipo alipokupigia simu kukuomba Anjela, nawe ukafurahi kwamba wanao wawili watasoma Kilimanjaro. Kuna sehemu hakukuambia. Mimi aliniambia tulipokuwa tunaosha vitambaa vya mtindi.

"Anjela ana mikono. Wewe una vitabu. Siku atakayoshuka kwenye basi, wewe unapanda."

"Shangazi, mwakani nina mtihani wa kidato cha nne."

"Mtihani wako umeshaufanya, kwenye ile keki."

"Mama anajua?"

"Atajua atakapokuona."

Kwa hiyo nafasi ni moja, Mama. Sitaki ufikiri Shangazi ni mbaya siku zote. Viatu vya shule alininunulia bila kuombwa, na nilipougua malaria alikaa nami hospitali hadi nikaweza kula. Lakini anajua mahali pa kumchoma mtu, na akishapajua harudi nyuma. Anjela anacheka ovyo na anajibu akisemwa. Mimi nikichomwa nanyamaza, nasoma. Yeye atavunjika.

Hayo ni ya kweli, lakini si yote, na sijawahi kukudanganya. Nataka kubaki. Hata na jina la Dang'a, hata na vitambaa vya mtindi. Nimejaribu kujiuliza kama naandika kwa ajili yake au kwa ajili yangu, na siku nyingi jibu ni kwa ajili yangu. Najua asipokuja ataenda ile shule ya kata ya kutembea kutwa, na najua alivyofurahi. Namnyima kitu nilichopewa mimi. Nimeliona hilo na bado nakuomba.

Mpigie Shangazi, mwambie Anjela haji, unamhitaji shambani. Hana mtu mwingine wa kuchuja jibini, atanibakiza. Anjela mwenyewe usimweleze habari za keki, maana akijua nimeonewa atapanda basi aje kunitetea. Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Mwambie nimesema ni mzembe, kichwa chake kizito, na atanitia aibu mbele ya wenzangu. Ataamini, kwa sababu hajawahi kunisikia nikisema uongo.

Msalimie Bibi mzaa wewe, mwambie ile sala yake naisali. Msalimie Mjomba fundi viatu na mke wake, Mama Mkubwa wa sokoni, na katekista aliyenifundisha kusoma. Anjela usimpe salamu zangu.

Mwanao anayekuomba radhi,
Editha
Uru, Moshi