Gitaa Ulilonipakatisha

Mwaka umetimia sasa tangu ulipotutoka, mume wangu, baba yetu, fundi bomba wa mtaa mzima. Naandika mimi mkeo kwa niaba ya wote, maana wanao wanasema mwenye maneno mengi ni mimi.

Hatujambo. Bomba la jikoni limeanza tena kudondosha maji. Fundi tuliyemwita aliinama chini ya sinki akasema, "Aliyefunga hapa alikuwa hataki mchezo." Tukavimba vichwa utadhani tumesifiwa sisi.

Ulikuwa mtu wa kuamka mapema na kuimba vibaya. Sikio la muziki hukujaliwa hata chembe, lakini nikipiga gitaa ulikaa karibu yangu, ukitikisa kichwa nje kabisa ya mapigo. Ndiyo maana kiharusi kiliponikunja vidole vya mkono wa kushoto, uliumia kuliko mimi. Nilisema basi, muziki kwangu umekwisha. Wewe ulikataa katakata.

Siku moja nilirudi kutoka kliniki nikakuta umeng'oa vile vyuma vyote vya shingoni mwa gitaa, ukiamini ndivyo vinavyonitesa vidole. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

"Umeliua gitaa langu!"

"Halijafa, mama watoto," ulijibu kwa upole. "Limenyolewa tu."

Nilikununia. Kumbe wewe ulikuwa unanitazama nikinywa chai, ukaona vidole vilivyokataa kukunjuka vinashika kikombe barabara. Ukakaa barazani, ukakata kipande cha bomba la shaba, ukakisugua mpaka kikateleza. Ukapachika kichuma kichwani mwa gitaa ili nyuzi zikae juu. Mimi nilikuwa nakuchungulia kwa jicho la pembe, maana nilikuwa bado nimenuna. Ulipomaliza ukanipakatisha gitaa kama mtoto, limelala chali, na kile kipande cha bomba ukanishikisha.

"Mkono unaokamata kikombe utakamata na hiki. Usibonyeze. Telezesha tu."

Sauti ilitoka ndefu, ya kulialia, si ya gitaa tena. Binti yetu wa mwisho akakibatiza chombo hicho Mvivu, kwa kuwa kinapigwa kikiwa kimelala. Wewe ulitoa machozi ukasingizia vumbi la shaba. Nilikupenda mno siku ile, na nashukuru nilikuambia.

Mwezi uliopita alibisha hodi mama mmoja, msusi, na gitaa la zamani kwapani. Alikuwa akipita barabarani akanisikia na kuniona nikipiga barazani, na vidole vyake vimekunjika kama vyangu.

"Samahani, dada, fundi aliyekutengenezea hiki chombo nitampata wapi?"

Nikamwambia hayupo tena, na machozi yakanitoka mbele ya mgeni. Akaniomba radhi, akageuka aondoke na gitaa lake.

Nikamwita. "Liache hapo mezani," nikamwambia. "Nilimwona alivyofanya."

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti zako, mkweo dereva, wajukuu zako, na dada yako mkubwa ambaye mpaka leo anashikilia kwamba ulijua kuimba. Kukusahau hatuwezi, fundi wetu, na wala hatujaribu.

Kesho msusi anakuja kuchukua chombo chake. Kinalia vizuri.