Beseni Chini ya Pikapu

Mjomba Silvanus,

Jana nimeisugua tena sakafu ya sebuleni kwa mchanga na majivu, kwa mkono mmoja, mpaka vidole vikachubuka. Bado inang'aa. Bibi ameniuliza kwa nini naiharibu sakafu ambayo mwanawe aliiacha nzuri. Nikaendelea kusugua. Unanijua, kusema kwangu ni shida. Hata darasani mwalimu akiniita natazama dawati. Kwa hiyo nakuandikia wewe, maana haya siwezi kumwambia mtu aliye hai.

Unakumbuka siku uliporudi na pikapu kutoka Masasi, giaboksi imefumuliwa na kufungwa upya? Ulipiga honi tangu barabarani kama bwana harusi. "Profesa," ukaniambia, "sasa tunapanda mlima na tangi la maji limejaa, kama vile hatujabeba kitu!" Fundi Komba alikuwa amekupa sharti moja: kila usiku utandike boksi la karatasi chini ya gari, na asubuhi uliangalie. Oili ya giaboksi ile ni nyekundu. Ukiona tone jekundu, usiwashe gari. Umwite.

Ulitandika. Lakini tangi lako la maji nalo lilikuwa linavuja, na maji yalifuata vyuma vya chesisi yakadondokea katikati, palepale chini ya giaboksi. Boksi likaloa. Bibi akaliegesha ukutani sebuleni, akaweka beseni. Nani hapa Newala anaacha maji yaingie ardhini, na ndoo moja tunaisubiri foleni tangu alfajiri? Maji ya kwenye beseni yalikuwa na wekundu. Tukasema ni vumbi letu. Hapa hata shuka jeupe ukilianika linarudi jekundu. Bibi akayapigia deki. Sakafu ikang'aa, wageni wakamsifu, naye akawa anaamka kabla yako kuliwahi beseni lake. Ukija wewe beseni limeshaondolewa, unainama, unatazama udongo, unainuka unatabasamu.

"Pakavu, Profesa."

Pakavu, Mjomba. Nami nilikuwa nimesimama hapo na kitabu changu, nikafurahi pamoja nawe.

Waliokuwa barabarani siku ile wanasema injini ilinguruma pale kwenye mpando, lakini gari halikwenda mbele. Lilisimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Breki hazikuuweza ule mzigo wa maji. Wanasema ulitoa kichwa dirishani ukawapigia kelele wanawake waliobeba ndoo, "Ondokeni! Ondokeni!" Wote waliruka. Wewe ulibaki na usukani. Gari lilibingirika, tangi likang'oka likaangukia upande wako, bati likakukunjia humo ndani. Maji yalimwagika mengi mno. Walipokufikia, yalikuwa yameshakuosha damu.

Nimesoma vitabu vingi. Sijakutana na sentensi mbaya kuliko hiyo.

Mdogo wako, Mjomba Kosmas, alifika kutoka Lulindi akiwa hajalia hata kidogo. Alichomoa mpini wa jembe, akaiendea pikapu iliyokuwa imekokotwa hadi uani, akavunja taa, akavunja kioo kilichobaki, akapiga mlango mpaka mpini ukaingia damu ya viganja vyake. "Giaboksi mpya!" alikuwa anasema kila akipiga. "Giaboksi mpya! Yule fundi Mngoni kaniulia kaka. Akitia mguu hapa namzika naye."

Na Fundi Komba akaja. Alionywa njiani, akaja hivyo hivyo. Wangoni ni watani wetu, na mtani gani anakosa msiba wa Mmakua? Alianza kelele akiwa bado nje: "Yuko wapi huyo mvivu? Kajifanya kafa ili asiende kuteka maji! Nyie Wamakua, babu zetu waliwakimbiza mkaupanda mlima mbio mbio, leo mnashindwa kuupanda na gari?" Akina mama waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Akachukua kofia yako msumarini, akaivaa, akatembea mwendo wako, bega moja chini. Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni.

Mjomba Kosmas alimpiga kichwani kwa ule mpini. Nilisikia mfupa.

"Mtani hapigwi!" wazee wakapiga kelele. "Kosmas, mtani hapigwi!" Fundi akarudi kinyumenyume sebuleni, miguu ikateleza, akaanguka chali. Akajaribu kuinuka, akateleza tena. Ndipo akakitazama kiganja chake. Akasugua vidole, akanusa.

"Oili," alisema. "Hii ni oili ya giaboksi. Nani kaipigia deki?"

"Nani?" Mjomba Kosmas alinguruma, mpini uko juu. "Nani aliyekuwa anaificha?"

Katika chumba cha ndani, Bibi alikuwa amelala kifudifudi kando ya jeneza lako, vilio vimemfunika, hasikii. Ningenyamaza, fundi angemaliziwa palepale. Ningesema kweli, mama yenu angekufa bila kuguswa na mpini.

Nilikuwa nimeshika birika.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa nakinga kwa beseni, Mjomba. Nilidhani ni maji."

Hakungoja. Niliinua mkono wa kushoto na mkono ukavunjika. Chai ikanichoma miguu yote miwili.

Fundi alitambaa mpaka nilipokuwa, damu yake ikinidondokea kwenye gauni. Alichana lile boksi lako lililoegeshwa ukutani, akaufunga mkono wangu nalo. "Ile sili iliyovuja, mpira wa kuzuia oili, niliifunga mimi," alimwambia Mjomba Kosmas bila kumtazama. "Beseni limeificha tu. Kama hujatosheka, nipige mimi, mtoto mwache." Kisha akasema, "Ila nyie Wamakua mkianza kuvunjana wenyewe, sisi Wangoni mtatuachia kazi gani?"

Mtu mmoja akacheka. Mjomba Kosmas akaachia mpini, akaketi sakafuni, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Fundi yu hai. Ana kovu kutoka paji la uso hadi sikioni. Mjomba Kosmas nikimwambia shikamoo haniitikii marahaba. Kwenye foleni ya maji wananionyesha kwa kidevu: ndiye yule wa beseni. Naumia, Mjomba. Sitakudanganya. Lakini wazee wamekataza lisitajwe mbele ya Bibi, naye analala usiku, na asubuhi anakuombea bila kujilaumu.

Bibi hatalijua hili kutoka kwangu. Nakuahidi. Litaishia kwetu sisi wawili. Na sakafu nitaisugua mpaka ife kabisa, hata aninunie.

Sasa pumzika, Mjomba wangu. Leo kabla ya kwenda shule niliinama pale pikapu ilipokuwa inalala, nikauweka mkono mzima juu ya udongo, nikautazama kwa muda mrefu.

Pakavu.

Mpwa wako,
Felista