Kitufe cha Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Nimesogeza kitufe mara kumi na moja leo. Chini. Juu. Kushoto kidogo. Tena chini. Halafu Bosi anataka nieleze kazi yetu kwa sentensi moja, ya kuwasomea wageni wa Alhamisi. Nimejaribu: ni kiendelezi cha kivinjari, kijiprogramu cha kuongezea pale unapofungulia mtandao, ukiwa unajaza fomu ndefu mtandaoni, kinakufungulia kidirisha cha pembeni chenye orodha ya nyaraka zako, unaweka alama ya vema moja moja hadi umalize. Sentensi ndefu kuliko fomu yenyewe! Bosi kasema nipunguze. Nimepunguza, ikawa haina maana.

Kobe ndiye anayegeuza michoro yangu kuwa programu. Jina kajipa mwenyewe: anafika mwisho, na anafika salama. Leo kanigomea. Anasema kitufe changu cha kijani, kile cha "Nimemaliza", kisikae chini kulia — kona ile ina wenyewe, kila ukurasa huweka hapo kitufe chake cha kutuma. Nikamjibu ndiyo maana nimekipeleka hapo, mkono wa mtu umeshapazoea. Akageukia skrini yake. Kobe akikugeuzia mgongo hajakubali, amechoka tu na mdomo wangu.

Jumatano, 5 Machi

Situlii. Nakaa, nasimama, nakwenda dirishani, narudi. Nimelinganisha kijani saba. Kwa macho ya binadamu wa kawaida ni kijani kimoja, najua. Mimi nimechagua cha tano.

Dada kapiga simu mchana. Yeye ni mkunga, na anajaza fomu ya chuo, yale masomo ya juu ya ukunga. Mwaka wa kwanza kuomba, mwanawe alilazwa. Mwaka wa pili barua ya msimamizi ilichelewa. Mwaka huu ndio wa mwisho: chuo hakipokei maombi ya aliyefika arobaini, na Agosti anatimiza. Fomu inafungwa Ijumaa. Anasema kurasa tisa, mtu anachanganyikiwa hata jina lake. Nikamwambia atumie kidirisha chetu, nilishamwekea kwenye ile laptopu yangu ya zamani niliyompa. Akacheka. "Haya, bwana vidirisha. Leo tuone kama ulisoma au ulicheza."

Nimefurahi kupita kiasi. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Akinisifu yeye, sifa za wengine nazisikia kama redio ya jirani.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni wamekuja, wamepiga makofi, wameondoka. Kitufe kimebaki chini kulia. Nimeshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nane na dakika ishirini, ujumbe wa dada: "Nimemaliza! Kimekuja kisanduku, hongera, kazi imekamilika. Nikajua hayo maneno ni yako tu." Nimeusoma mara nne. Nimemsomea na Kobe, ambaye kasema vizuri, mpe hongera.

Maneno ni yangu kweli. Niliyaandika Januari, baada ya kukataa "Umefaulu" na "Safi sana".

Jumatatu, 10 Machi

Takwimu za wiki. Watu tisa kati ya kumi wanaofungua kidirisha wanabonyeza "Nimemaliza"! Sijawahi kuona namba kama hiyo. Bosi kaiandika ubaoni kwa wino mwekundu na kuizungushia duara. Kobe kauliza kitu kimoja tu: mbona wanakibonyeza hata wale ambao orodha yao bado ina nafasi tupu? Bosi kasema watu wana haraka. Nami nikaitikia. Haraka, ndiyo.

Lakini swali lake nimekwenda nalo nyumbani. Nimekwenda nalo hadi bafuni.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, barua ya mtumiaji. Mwanamume mmoja aliomba kibali cha duka, akaona hongera yetu, akasubiri. Ofisi inamwambia hakuna ombi lolote lenye jina lake. Bosi kasema watu hawasomi. Kobe akatoa mkobani laptopu ndogo ya mkewe, akaiweka mezani kwangu, akafungua fomu, kisha akafungua kidirisha chetu.

Ukurasa ukabanwa. Kwenye skrini zetu za ofisini, pana kama meza ya kulia, kidirisha kikifunguka nafasi inabaki tele. Kwenye ile ndogo, fomu ilijikunja, ikarefuka, na kitufe chake chenyewe cha "Wasilisha" kikashuka chini kabisa, hakionekani hadi usogeze ukurasa. Kilichobaki machoni, kona ya chini kulia, ni kimoja tu. Kijani. Cha tano.

Na kile changu hakitumi chochote! Kinafunga orodha na kuhifadhi alama zako za vema, basi. Kisha kinampongeza mtu.

Miezi mitano nimechora kidirisha cha watu wenye skrini ndogo, na sijakifungua hata mara moja kwenye skrini ndogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila guu lililovunjika si langu.

Nilipofika hapo nikaikumbuka laptopu ya dada. Inchi kumi na moja. Nilimpa kwa kuwa ilikuwa inanibana.

Jumatano, 12 Machi

Nywila yake naijua, akaunti nilimfungulia mimi. Nimeingia. Kama mwizi, na ni kweli nilikuwa mwizi kwa dakika mbili. Kurasa zote tisa zimejazwa. Barua ya msimamizi ipo. Vyeti vipo. Juu, kwa herufi nyekundu: RASIMU — HAIJAWASILISHWA. Kitufe chao cha "Wasilisha" kimekuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Muda umepita.

Nimepiga simu chuoni. Karani ana sauti ya mtu aliyeulizwa swali hilo tangu alfajiri. Anasema habari za mwombaji hampi mtu mwingine, hata awe ndugu wa tumbo moja. Anasema wenye hitilafu ya mtandao wamepewa hadi Ijumaa tarehe 14, saa kumi alasiri. Barua ya maelezo, iandikwe na mwombaji mwenyewe, kwa jina lake na sahihi yake, na atapigiwa simu kuthibitisha. Nikauliza kama hitilafu ya kidirisha cha pembeni inahesabika. Naye akauliza: kidirisha cha nini?

Kwa hiyo siwezi kulimaliza hili kimyakimya. Lazima nimwambie. Nilipojua hilo nilikasirika, na hasira ile naiandika hapa bila kuipamba: nilitaka kurekebisha bila yeye kujua, nibaki bwana vidirisha.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nimekitoa kitufe. Kobe kakifuta, mimi nimesimama nyuma yake. Tumeweka maandishi madogo ya kijivu, "Funga orodha", juu kabisa, na chini onyo: fomu yako bado haijatumwa. Bosi kaona, kauliza ile tisa kati ya kumi itakuwa ngapi wiki ijayo. Nikamwambia ile haikuwa namba ya walioridhika, ilikuwa namba ya waliopotea. Akafuta duara lake ubaoni kwa kiganja, wino ukamganda mkononi. Kisha akasema tuwaandikie watumiaji wote leo leo. Kwa hilo namheshimu.

Barua hiyo nimeiandika mimi. "Ndugu mtumiaji." Watu elfu mbili nimewaambia ukweli kabla ya saa saba mchana. Mmoja nimemruka. Anwani yake nimeitoa kwenye orodha kwa mkono wangu, nikijidai haya mambo si ya kuambiwa kwa barua.

Jioni nikaenda kwake. Nilikuwa nimejipanga: nitaingia, nitasema, nitakaa nipigwe. Shemeji alikuwa sebuleni anapanga upya vitabu, anasema mama mwanafunzi anahitaji rafu yake. Dada kashamwambia matroni, bila hata kungoja jibu la chuo. Wodini ameshatafutiwa mtu wa kumshikia zamu kuanzia Septemba. Anaongea haraka, anacheka, anasema mwanawe kamuuliza kama na yeye atapewa kazi za nyumbani. Akanipakulia chakula. Nikala. Akaniongeza. Nikala tena! Mdomo uliojaa hauulizwi maneno.

Mlangoni akaniambia, "Mbona umekonda uso? Kazi yenu hiyo ya kukodolea macho vioo itakuua." Nikasema nimechoka, dada. Nikaondoka. Mwoga ni mimi, na nimelala mwoga.

Ijumaa, 14 Machi

Saa sita na nusu mchana. Nipo kwake. Leo yuko zamu ya jioni, anaondoka saa tisa. Daftari liko magotini.

Sikukaa hata dakika moja kabla. Nilisema mlangoni, viatu bado miguuni: dada, fomu yako haikwenda. Akasema ilikwenda, kisanduku kilimpa hongera. Nikasema kisanduku ni changu, na kilikuwa kinasema uongo. Akanitazama kama ananipima homa. Nikaongeza kwamba ipo nafasi, hadi saa kumi, barua tu, yake mwenyewe. Nilikuwa nimeikariri hotuba nzima, kuhusu skrini, kuhusu kona, kuhusu Kobe na onyo lake. Imeniruka yote.

Sidhani kama kaelewa. Kaniambia nimfungulie aone kwa macho yake. Nimeiweka ile laptopu mezani, nimefungua ukurasa, nimeondoka mbele ya kioo. Anatafuta miwani. Kaangalia juu ya friji, kaangalia kwenye mkoba wa kazini. Ninaandika ili mikono iwe na shughuli.

Kaipata. Kaivaa. Kavuta kiti, kaketi wima kama mtu aliyeitwa ofisini. Anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma chati za wajawazito wodini. Kimerudi juu kabisa. Kimesimama kwenye neno rasimu.

Hajageuka. Anauliza polepole, hata hajakasirika.

"Mdogo wangu, hebu njoo uniangalizie. Mimi nimekosea wapi?"