Chupa Zilizofungwa kwa Nta

Jumatano, 3 Oktoba 1990

Maganda yote yamekatwa. Beseni mbili zimejaa. Vidole vinawasha kwa maji ya madanzi na kalamu inateleza. Esperansi anataka kila ganda liwe jembamba kama njiti ya kiberiti. Akiona nene analitoa, analikata upya mbele ya macho yangu. Miaka sita alipika kwa masista wa Kizungu, na ukali wao ameuhifadhi wote. Nimemzidi miaka kumi na tano, na jikoni kwangu mwenyewe nimegeuzwa mwanafunzi. Napenda. Simwambii.

Mbegu tumezifunga kwenye kitambaa cheupe, zimelala majini pamoja na maganda. Anasema bila mbegu mamaledi, ile jamu ya maganda ya madanzi, haishiki. Tukipata sukari kesho tutachemsha. Chupa kumi na nane, za kuuzia lile duka la mjini wanakonunua wazungu.

Redio inasema kuna vita mpakani, upande wa Uganda. Mume wangu Juma yuko upande huohuo na lori lake, anatoka Mombasa. Alitakiwa kufika jana.

Ijumaa, 5 Oktoba

Risasi usiku kucha. Nililala chini ya kitanda, mtu mzima na makalio yangu, nimekumbatia kiatu sijui cha nini. Asubuhi redio inasema mtu asitoke nyumbani.

Nyumba yangu na ya Esperansi ziko ndani ya ua mmoja, kwa hiyo angalau tunaonana. Sukari aliipata jana jioni. Leo mkaa haupo na hakuna wa kwenda kuununua. Tumemwaga maji ya maganda na kuweka mengine. Mumewe, Fideli, amekaa kizingitini akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Anasahihisha polepole sana. Nadhani hataki yaishe.

Naogopa.

Jumamosi, 6 Oktoba

Wamemchukua Fideli.

Askari wanne, pamoja na mkuu wa seli yetu, yaani mtaa wetu, Resiponsabule kama tunavyomwita. Nimemjua tangu akiwa fundi baiskeli. Leo alishika karatasi yenye majina na hakunitazama. Waliomba vitambulisho. Changu kimeandikwa Mhutu, wakanirudishia. Cha Fideli kimeandikwa Mtutsi, wakakitia mfukoni. Cha Esperansi kimeandikwa vilevile, wakakisoma mara mbili, wakamrudishia. Kwa nini yeye wamemrudishia sielewi, na kutoelewa huku kunanitisha kuliko bunduki zenyewe.

Askari mmoja alichokoa maganda kwa mtutu wa bunduki. Akauliza ni nini. Nikasema chakula cha wazungu. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Fideli alikuwa amesimama pale mikono kichwani na mimi nikacheka.

Alipopita mlangoni alimwambia mkewe mwalimu mkuu aambiwe kwamba Jumatatu atachelewa kidogo.

Jumapili, 7 Oktoba

Tumepika. Mimi sikutaka. Esperansi alisema maganda yakilala siku moja zaidi yatachacha, akavunja kiti kibovu cha Juma tukapata kuni. Hakulia hata kidogo. Alichemsha mpaka ganda likapondeka kati ya vidole viwili, akakamua kile kitambaa cha mbegu mpaka ute wa mwisho, ndipo akatia sukari. Kila baada ya muda alidondosha tone kwenye sahani baridi na kulisukuma kwa kidole. Likikunjamana, limeiva.

Halikukunjamana mpaka saa tisa alasiri, na muda wote huo harufu ilikuwa inatoka. Harufu tamu, ya sherehe, imeingia kila nyumba. Nilitaka kulifunika sufuria kwa mwili wangu. Watu watasema mumewe kachukuliwa jana na leo anapika sukari. Watasema kuna kitu wanashangilia hawa, adui yuko karibu. Nilimwambia. Akasema, "Dada Zaina, nikiacha kukoroga nitaanguka." Nikamsogezea kuni.

Chupa kumi na nane, wekundu wa machweo. Juu ya kila moja amemimina nta ya mshumaa, akaisawazisha. Masista walimfundisha hivyo. Chupa yao haiguswi na mtu mpaka ifike mezani.

Ijumaa, 12 Oktoba

Fideli yuko uwanja wa mpira, pamoja na mamia ya wengine. Esperansi huenda na chakula kila siku. Askari huchukua chakula. Kama kinamfikia mwenyewe, hatujui.

Leo mwanamke mmoja aliyekuwa naye kwenye mstari amemweleza kwamba wale ambao wakuu wao wa seli wameandika barua, kusema mtu huyu tunamjua, ni mwema, wameanza kutolewa. Basi inatakiwa barua. Barua ni ya Resiponsabule.

Huendi kwa mtu kama huyo mikono mitupu. Na nyumbani kuna nini? Mamaledi. Wazungu wanapanda ndege kila siku, duka la mjini limefungwa. Tutampelekea mamaledi.

Jumamosi, 13 Oktoba

Tumekosea. Mungu atusitiri, tumekosea vibaya.

Tulichagua chupa iliyo safi kuliko zote, tukaifunga kitambaa. Resiponsabule alitukaribisha vizuri, mkewe akaleta viti. Esperansi akaitoa chupa kwa mikono miwili. Akaipokea, akaigeuza, akaona nta. Akamtazama Esperansi. Kisha mimi. Akaiweka sakafuni, mbali na mguu wake.

Ndipo na mimi nikaona. Hapa kwetu anayekuletea cha kunywa au cha kula anakionja kwanza, mbele yako, ndipo unapokea. Hata maziwa. Hata kwa ndugu. Nimefanya hivyo tangu nina meno, na leo nimekwenda na chupa iliyozibwa kwa nta, haijaonjwa na yeyote, mkononi mwa mke wa mfungwa. Esperansi alikuwa anafikiria usafi wa masista. Mimi nilikuwa nafikiria nini? Barua tu.

Alituaga. Barua hatukuitaja. Nyuma yetu nilisikia mkewe akiwaita watoto waingie ndani.

Jumatatu, 15 Oktoba

Jana bombani wanawake waliniachia nafasi. Bombani hakuna anayeachia mwenzake nafasi. Nilijaza ndoo peke yangu. Habari imeshafika.

Leo Resiponsabule ameniita, mimi peke yangu. Chupa iko palepale sakafuni, wameifunika kwa beseni kama wanavyofunika nge. Ananisemesha Kiswahili, kama wengi wanavyotusemesha sisi Waislamu wa Nyamirambo. Akauliza, "Hii kitu iko imefungwa. Nani alionja mbele?" Nikasema hakuna. Akauliza nani aliyeifunga.

Nikasema Esperansi.

Nikaongeza kwamba mimi nilishika mwiko tu. Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa, hata sauti haikutetemeka. Akatikisa kichwa, akasema basi kesho ataletwa huyo Esperansi, aile mbele yake na mbele ya askari, tuone.

Mbele ya askari. Akishafika mbele ya askari hatarudi. Nimelijua hilo nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chake, na bado niliaga kwa heshima nikatoka. Njiani nilitapika kwenye mfereji. Najichukia. Esperansi amenipikia uji jioni hii, akidhani tumbo limechafuka.

Jumanne, 16 Oktoba

Nimekwenda kabla hawajamfuata. Sikumwambia.

Nilimkuta Resiponsabule anapiga mswaki. Nikasema jana sikusema yote. Chupa ni yangu, jiko ni langu, madanzi niliyanunua mimi, na kosa la kutokuonja ni langu kwa sababu mkubwa ni mimi. Nikaomba kijiko. Mkewe hakutaka kutoa chake. Nikaondoa beseni, nikapasua nta kwa ufunguo wa nyumba, nikala kwa vidole.

Nimekula nusu chupa. Kijiko kimoja cha mamaledi kinapendeza. Nusu chupa, asubuhi, na watu wawili wanakutazama kooni, ni kazi. Nilimeza maganda bila kutafuna. Yeye aliendelea kushika mswaki mpaka nilipomaliza.

Akasema sumu nyingine inachelewa. Nirudi keshokutwa. Nikiwa mzima, ataandika barua. Nikiwa si mzima, kila mtu atajua alichopika Esperansi.

Nimekubali. Niko mzima kama ng'ombe. Ni siku mbili tu.

Jumatano, 17 Oktoba

Homa.

Imeanza alfajiri, viungo, kisha baridi ile ya kugonganisha meno. Malaria. Naijua, hunijia kila mvua za mwezi huu zikianza. Haina uhusiano wowote na mamaledi, na nani ataniamini? Zahanati siwezi kwenda, muuguzi ni shemeji yake mke wa Resiponsabule. Nimemeza vidonge nilivyovikuta kwenye kabati, sijui ni vya mwaka gani.

Imebidi nimwambie Esperansi kwamba nimekula na kwamba kesho natakiwa. Jinsi nilivyomtaja juzi sikumwambia. Amekaa kitandani kwangu ananikanda miguu. Anaogopa nife, halafu anaogopa nionekane naumwa, na ninaona usoni mwake hajui kipi kinamtisha zaidi. Simlaumu. Mimi mwenyewe sijui.

Meno yanagongana. Daftari linacheza.

Alhamisi, 18 Oktoba

Nilikwenda saa sita mchana, jua la utosi. Nimeichagua saa hiyo mwenyewe, ili jasho liwe na sababu. Nilijifunga vitenge viwili, kimoja ndani kukaza mwili usitetemeke. Esperansi alinisugua mashavu kwa mafuta mpaka yakang'aa. Alinisindikiza hadi kona, zaidi ya hapo nilimkataza.

Walikuwa wengi. Nadhani mtaa mzima ulikuwa na shughuli karibu na nyumba ile. Nilisimama uani nikisubiri. Ukuta ulikuwa unakaribia na kurudi nyuma. Nilihesabu matofali nisianguke. Nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja tu, nianguke baadaye.

Resiponsabule akatoka. Akanizunguka. "Mama, mbona unatoka jasho?" Nikamwambia yeye aje asimame hapa nilipo, aone kama hatatoka. Mtu mmoja akacheka. Kisha wengine. Nilisikia kicheko chao kwa mbali, na safari hii sikucheka.

Aliandika mistari minne na kugonga mhuri. Akaniuliza kama zimebaki chupa nyingine.

Nimempa barua Esperansi pale kona. Nyumbani nimefika vipi sikumbuki.

Jumapili, 21 Oktoba

Homa imeshuka. Barua imepokelewa uwanjani, wamesema tusubiri. Esperansi anasubiri langoni kutwa.

Leo amenishika mikono na kuniambia hana ndugu kama mimi. Nilitaka kumweleza habari ya Jumatatu. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikafikiri, nikimweleza nitapumua mimi, na yeye atabaki na mzigo, ataanza kunitazama kila ninapotoka nje ya ua. Au labda huo ni uoga mwingine nimeuvisha nguo nzuri. Nimenyamaza.

Jumapili, 4 Novemba

Fideli amerudi, mchana, baada ya misa.

Juma bado. Kuna dereva aliyepitia Tanzania anasema amemwona Mwanza, mzima, anatafuta njia. Nimeamua kumwamini.

Tulikuwa uani tunachambua maharage. Tulisikia hodi. Esperansi akaniangalia, nikamwangalia, hakuna aliyeinuka. Kwa mwezi mzima hodi haijatuletea kitu chema. Ikapigwa tena, pole sana. Nilifungua mimi.

Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mlango wa ua wake mwenyewe. Amekonda, shati si lake. Nikasema karibu. Hakuingia mpaka niliposogea pembeni. Esperansi hakupiga kelele, alimshika mkono tu akamleta kwenye benchi. Fideli alibaki amesimama mbele ya benchi, mikono nyuma. Tulisubiri akae. Na yeye alikuwa anasubiri.

Mwishowe Esperansi akamwambia, "Kaa."

Akakaa.

Nikawaacha, nikarudi kwangu na sinia la maharage. Kutoka dirishani nilimsikia baadaye akimwomba mkewe ruhusa ya kwenda chooni, na Esperansi, kwa sauti ya kawaida kabisa, akampa.