Kapteni wa Ligi ya Bati

Kambi ya Tatu,
Ngombezi,
Korogwe.
Jumanne, 3 Juni 1975

Dada yangu mpenzi Hajira,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Mwinjuma, na Tatu na wadogo zake, na kwamba lile goti lako limetulia tangu mvua zilipopungua. Ukitaka kujua hali yangu mimi, sijambo sana. Nakula, nalala, kazi naiweza, na fundi mkuu hathubutu kuifungua mashine ya brashi bila kuniita, ingawa kwa mdomo wake hatakiri hata umfunge kamba.

Barua yako niliipata juzi kwa mkono wa Mikaeli, dereva wa lori, naye ndiye anayekuletea hii kesho. Nilipoona mwandiko nilimwuliza ni wa nani, maana miaka yote umeandikiwa na mwalimu. Akacheka, akasema ni wa kwako mwenyewe, umemaliza kisomo. Dada, hongera! Herufi zako ni kubwa kama magunzi na mistari inapanda mlima, lakini hakuna neno lililonishinda. Nimefurahi kwa sababu mbili. Ya pili ni kwamba hii yangu nayo utaisoma mwenyewe, peke yako, kabla hujampa mtu yeyote.

Kurasa mbili za mwanzo za barua yako nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ya tatu ilinikata kicheko. Kwa hiyo nianze mwanzo, nawe univumilie, maana unanijua sisemi kwa ufupi.

Unakumbuka nilipokuja mwaka juzi nilikwambia kwamba huku nina ligi ya mpira na mimi ndiye mwenyekiti wake, katibu wake na refa wake? Ulidhani najigamba. Nilikuwa najigamba, lakini ligi ipo. Zamani, kabla mashamba hayajataifishwa, meneja wetu alikuwa Mgiriki, na mwanawe alikuwa na ubao wa bati wa kuchezea uliounganishwa na waya wa umeme. Ukiwashwa, bati linatetemeka, na visanamu vya wachezaji vinatembea vyenyewe juu yake vikikimbiza mpira. Siku nilipopelekwa kubadilisha taa barazani kwao niliutazama mchezo ule mpaka nikasahau ngazi. Wao walipoondoka waliondoka na ubao wao, lakini kichwani mwangu hawakuuondoa.

Sasa sikiliza akili ya mdogo wako. Mashine ya brashi, ile inayosugua singa za mkonge mpaka zing'ae, inaendeshwa na mota ya umeme, na ikizunguka banda zima linatikisika. Nikapigilia meza kwenye nguzo iliyo jirani nayo, nikatandika bati bapa juu, nikachora uwanja kwa chokaa. Wachezaji nikawachonga kutoka mlingoti wa mkonge, ile shina ndefu ya maua, ambayo ni nyepesi, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Chini ya kila mmoja nikabandika kwa lami nywele nne fupi za singa, na hizo ndizo miguu. Mpira ni donge la vumbi la singa nililolifinyanga kwa nta. Kila Jumamosi kazi ikiisha, mashine huachwa izunguke tupu kama nusu saa iteme vumbi. Hiyo nusu saa ndiyo mechi yetu. Ukocha wake ni wembe: ukipunguza miguu ya upande mmoja kidogo, mchezaji anakata kona, ukizidisha anazunguka pale pale kama kuku aliyepigwa jiwe.

Nina timu nane. Ngombezi Korona, niliyoiita kwa ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge, Kerenge Mapambano, Handeni Mahindi, na nyingine, na kwa kuwa damu nzito, nikaunda Kwaluguru Shujaa, ya huko kwenu. Kila mchezaji ana jina, umri, tabia na sifa zake, na yote nimeyaandika daftarini. Golikipa wa Kerenge ni mzee wa kanisa, anakataa kuruka Jumapili. Beki mmoja wa Handeni nilimfungia mechi tatu kwa kuchelewa mazoezini akisingizia harusi. Usinicheke. Kambi nzima inalijua daftari hilo. Matokeo nayaandika kwa chaki kwenye ubao wa zamu, na msimamo wa ligi umebandikwa ukutani stoo. Watu wazima wenye watoto wameacha kusalimiana kwa sababu ya Kerenge Mapambano. Kwaluguru Shujaa hawajafungwa tangu mwaka jana, mechi kumi na nane, na sikuwapendelea. Labda kidogo, kwa wembe.

Mwezi wa tatu alikuja Bwana Utamaduni kutoka mkoani, anaorodhesha vilabu vya michezo mashambani na vijijini. Akauona ule msimamo ukutani, akasimama. Akasema hajapata kuona ligi iliyopangwa vizuri namna ile, akauliza katibu ni nani. Nikasogea. Akaomba daftari, akanakili Kwaluguru Shujaa yote, jina kwa jina, na ya kapteni akaandika hata mguu anaotumia. Siku hiyo mashine ilikuwa imezimwa, na meza ilifunikwa gunia.

Nawe umenieleza kilichofuata. Barua ya serikali ikafika kwa mwenyekiti wa kijiji kipya cha Mshikamano hapo Kwaluguru, yaani shemeji yangu Mwinjuma, kuipongeza timu yake isiyofungwa na kuialika Korogwe siku ya Saba Saba. Hapo ndipo nilipocheka dada, maana ninamwona shemeji akivaa miwani. Mtu mwingine angesema hii timu siijui. Lakini kijiji chenu kimekusanya vitongoji saba tangu ile operesheni ya kuhamia vijijini, watu hata majina hawajajuana, basi kila kitongoji kikaamini timu ni ya kitongoji cha pili. Wa mtoni wakasema ni ya wa kilimani, wa kilimani wakaapa wamewasikia wa mtoni wakipiga mpira. Na shemeji, ili asionekane mwenyekiti asiyewajua watu wake, akawajibu wakubwa kwamba timu iko tayari.

Kisha ukurasa wa tatu. Umeandika kwamba shemeji aliisoma barua ile mkutanoni, na alipofika kwenye maneno ya kapteni Semboja Hiza, mwenye mguu hodari wa kushoto, bibi mmoja wa Kwemkole, kile kitongoji kilichohamishwa mwisho, alisimama akapiga vigelegele. Anaitwa Mashavu. Akasema Semboja ni mwanawe, wa mguu wa kushoto toka utotoni, ana kovu la jembe juu ya jicho, aliondoka mwaka wa Azimio kwenda kutafuta kazi na hajasikika tena. Akasema sasa amejua yuko hai na yuko karibu. Anafagia uwanja wa nyumba kila asubuhi, umeandika, na ametenga kuku.

Wakubwa wa kijiji nao wakapata jibu walilolitaka: timu ni ya Kwemkole, na Kwemkole wanawaficha vijana wao ili wasilime shamba la pamoja. Wakaamua kwamba mahindi ya msaada yatakayogawiwa Alhamisi hii, Kwemkole hawatapata kibaba mpaka wamtoe kapteni. Nyumba thelathini na mbili, na njaa yenyewe ya mwaka huu tunaijua sote. Uliniuliza mimi, mtu wa mpira, kama nimewahi kusikia timu hiyo inacheza wapi.

Inacheza mezani kwangu, dada. Wote kumi na mmoja wanaingia ndani ya kopo la kahawa. Mwambie shemeji leo hii, kabla hajalala, kwamba hakuna kijana aliyefichwa, ni vijiti. Akasirike kadiri apendavyo, aseme shemeji yake ni mwendawazimu, lakini Alhamisi Kwemkole wapimiwe kama wengine.

Na asimlaumu Bwana Utamaduni. Yeye aliniuliza waziwazi kama hao ni watu. Aliuliza mara mbili, kwa kuwa umri wa golikipa ulimtia shaka. Ningevuta lile gunia tu, tungecheka sote, akaenda zake. Nikamjibu kwamba ni watu, vijana wa nyumbani, ninawajua mmoja mmoja. Miaka tisa niko hapa, na ilikuwa mara ya kwanza mkubwa anatoa kalamu kuandika maneno yanayotoka kinywani mwangu. Nilivimba kichwa. Niliona utamu, na utamu ule umekwenda kuwanyima watu chakula.

Ningetamani barua iishie hapa, dada. Hilo la vijiti lina aibu, lakini aibu yake naiweza, nitachekwa mwezi mzima kisha watachoka. Lililobaki sijamwambia mtu.

Kumi kati ya wale kumi na mmoja niliwatunga. Semboja sikumtunga. Tulikaa naye chumba kimoja hapa Kambi ya Tatu miaka minne. Alikuwa mkata mkonge, mrefu, mpole, mwenye kovu juu ya jicho la kulia, na Jumapili uwanjani hakuna aliyeweza kumnyang'anya mpira mguuni, mguu huo huo wa kushoto. Kwao alikuwa akisema ni porini mbele ya Kwaluguru, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na kwamba huko ana mama tu. Mwaka wa sabini na moja, mwezi wa nane, homa ilimshika Jumatatu, na Ijumaa tukamzika hapa hapa. Nilikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kumpokea.

Usiku wa Jumatano alikuwa na akili zake timamu. Aliniambia nikienda kwa dada yangu niendelee mbele mpaka kwa mama yake, nimsalimie, nimwambie hakumtupa, alikuwa anangoja tu awe na kitu cha kurudi nacho. Akanikabidhi kanga aliyomnunulia. Nikamwahidi. Dada, niliahidi kwa sauti, watu wawili walisikia.

Nilikuja kwako mwaka ule wa sabini na mbili, na mwaka juzi tena. Mara zote mbili kanga ilikuwa ndani ya mfuko wangu. Mara ya kwanza nilisema mvua imeharibu njia. Ya pili nilisema siku zimeniishia. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuona uso wa mama nikimwambia. Niliporudi safari ile ya kwanza nilichonga kijiti kimoja kirefu, nikakikata miguu ili kiende kushoto, nikakipa jina lake na ukapteni. Nikajidanganya kwamba ndiyo kumtunza. Tangu siku hiyo kila Jumamosi Semboja anafunga mabao, na watu wanashangilia, na mama yake hajui kwamba alikwisha zikwa.

Mimi ninayejua kusema, na wewe unajua ninavyosema, hilo moja lilinishinda.

Sasa nimeomba ruhusa siku nne na nimepewa. Nitapanda basi Ijumaa asubuhi, jioni niko kwako. Jumamosi nitasimama mkutanoni niwamwagie wachezaji wangu mezani. Kwenu hakuna umeme, hawatasogea hata inchi moja, na kila mtu ataona mwenyewe. Wanitukane, nimestahili. Lakini Ijumaa ile ile, kabla ya mkutano na kabla sijala chakula chako, nitakwenda Kwemkole. Ninakuomba unisindikize mpaka mlangoni, kwa kuwa habari ya namna hii haipelekwi na mwanamume mmoja aliyesimama peke yake, na yule mama atahitaji mwanamke wa kumshika. Ndani nitasema mwenyewe.

Mpaka hapo nakuomba jambo moja gumu. Habari ya vijiti, mwambie shemeji aitangaze. Habari ya Semboja, nyamaza nayo hata kwa shemeji. Wakimwambia bibi Mashavu kwamba timu ni ya uongo, atakuuliza kuhusu mwanawe. Usimwambie yuko hai na usimwambie amekufa. Mwambie kuna mtu aliyeishi naye, anakuja Ijumaa.

Nisalimie shemeji Mwinjuma, hasira yake ikishapungua, na wazee wa kijiji, wale watakaokubali salamu zangu. Tatu mwambie kalamu aliyoagiza nimeipata. Wadogo zake wabusu wote. Jirani zako wote wasalimie kila mmoja kwa jina lake.

Bibi Mashavu peke yake usimpe salamu zangu. Ninazo salamu zake za miaka minne, si zangu, na nitamfikishia kwa mdomo wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kibwana