Faili la Saa Moja na Dakika Ishirini

Jumatatu, 3 Machi 1997
Umeme umekatika tena, mara mbili. Kila nikiiwasha hii kompyuta ya mtumba inaniuliza saa, maana betri yake ya ndani ilishakufa. Unaijibu, inaamini. Ile programu ya zamani tumeifufua: unapunga mikono mbele ya kamera, spika inatoa fidla. Kishor, mwenzangu wa duka, alicheka mpaka akakaa chini. Tumekubaliana tusimwonyeshe mtu mpaka tupate mnunuzi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekuta faili ambalo si langu. Programu hujihifadhia kila kinachopigwa. Limeandikwa 7:20. Saa moja na dakika ishirini asubuhi Kishor yuko peke yake dukani, mimi nafika saa mbili. Nimemuuliza kama aliiwasha. Hapana, kasema, bila kunitazama. Sikupenda.

Alhamisi, 6 Machi
Jingine. 7:15. Nimelisikiliza. Taarab ya zamani, mkono wa mtu anayejua. Kishor hajui hata kupiga mluzi. Basi analeta mtu asubuhi. Ana mnunuzi wake, ananizunguka. Mchana yeye kaenda kwao Kisutu kula, baba kaja kushika duka kama kawaida, mimi nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna faili. Anajua namwinda.

Jumamosi, 8 Machi
7:25. Nimemwita mwizi mbele ya wateja. "Dada, si mimi." Nikamwambia amtaje ni nani. Akaweka funguo mezani, akachukua koleo zake na kikombe, akaondoka. Asiye na kosa angejitetea. Nimefanya sawa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefungua mwenyewe kabla ya saa moja. Mpaka saa mbili nilikuwa nimekaa mbele ya mashine, imezimwa. Nilitoka mchana tu, kula. Jioni nimekuta faili. 7:20.

Nikaiwasha upya. Ikaniuliza saa. Faili linabeba saa aliyoijibu mwenye kuwasha. Na hapa dukani ni mtu mmoja tu ambaye saa yake ya mkononi bado inakwenda kwa Kiswahili: saa saba mchana mshale uko kwenye saba, si kwenye moja kama zetu. Baba.

Ujana wake wote alipiga fidla. Aliporudi Hija aliigawa, akaapa hatagusa tena ala ya muziki. Na hapa kweli hagusi kitu. Anapunga hewa.

Nina aibu. Nimemdhulumu Kishor.

Jumanne, 11 Machi
Baba alipokuja kushika duka sikwenda nyumbani, nilikwenda mtaa wa Gerezani. Kishor kapata meza kwa fundi mmoja wa redio. Nimemwomba radhi. Kumbe wiki iliyopita aliwahi kurudi kutoka kula, akamwona mzee kupitia dirisha, anapiga, akageuza taratibu.

"Umemwambia?" akaniuliza.

"Sijamwambia."

"Usimwambie, dada. Ataacha."

Nikamwomba arudi. Akasema wateja walisikia neno lile, na ili nilifute itabidi nimtaje mzee. Hilo hataki. Akanisogezea kigoda, akaendelea kulehemu. Nimekaa pale mpaka saa nane, nisije nikamkatiza baba.