Miguu Ikifika Chini

Biryogo, Kigali
3 Septemba 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, kifua kimetulia, na goti la Mama limeacha vituko. Mdogo wangu Keza bado anakuja kukaa karakanani kwako akitoka shule, au umeshamfukuza? Huku hatujambo. Shangazi anakusalimia, anasema kaka yake amekuwa kama mwezi wa Ramadhani, anaandama mara moja kwa mwaka.

Nisijifanye nimekukumbuka tu. Nina shida.

Unajua nilivyokuja huku nikaanza kwa kufagia zahanati ya Kagarama. Niliwatazama wauguzi mpaka nikajua kazi yao, na sasa mimi ndiye ninayechanja watoto wa vilima vyote vya upande ule. Natembea na kisanduku cha barafu begani. Barafu ikiyeyuka kabla sijafika kilima cha mwisho, chanjo imekufa, na kina mama waliopanda na watoto mgongoni wanateremka bure. Mwaka huu surua imeingia huko. Nimeshaacha kuwaahidi siku.

Sasa mradi umeleta moto tatu, nyie mnasema pikipiki. Nikasema moja ni yangu, mimi ni wa zamani kuliko wote. Shefu wetu, yaani mkubwa wa kazi, Monsieur Jean-Berchmans, akanitazama kuanzia kichwani, na hakuwa na safari ndefu. Akasema, "Shami, utakaa kwenye rejista. Vilima vyako atachukua Silvère." Silvère, Baba! Hajui hata nyumba moja kule, ila ana miguu kama ngazi.

Nimebishana hadi nikapata neno moja: mwisho wa Novemba nitapanda mbele ya shefu, kutoka ofisi ya Kimihurura hadi Kagarama, na kusimama popote atakaponiambia. Nikianguka, nakaa na rejista mpaka nizeeke.

Na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayezijua hizi mashine. Hilo linaniuma kuliko kisanduku cha barafu. Kaka yangu Rwema ulimpandisha kabla sauti yake haijavunjika. Wavulana wa jirani uliwafundisha wote. Mimi ulinipa beseni la mafuta ya taa nioshe nati, na kila nikiuliza ulisema, "Miguu ikifika chini, utapanda." Haikufika, na ulijua haitafika.

Basi nisaidie sasa. Nimechukua ule ubao tunaopimia urefu wa watoto, nikapima viti. Nyekundu ni sentimita 84. Ya bluu 81. Ya kijivu, ndogo, 75. Mimi ni 148 na sitaongezeka. Silvère anasema nichukue ya kijivu nimshukuru Mungu.

Mwanao,
Shami


Bukoba
20 Septemba 1991

Mwanangu Shami,

Marahaba sana. Sisi wazima, kifua kinakohoa kwa mazoea tu. Barua yako nimeisoma, halafu Mama akanisomea tena kwa sauti ile sehemu ya nati, makusudi. Nitaijibu hiyo, lakini si leo. Leo una vilima.

Umepima viti, na sikujua kama ubao wa watoto unaweza kazi hiyo. Sasa jipime wewe. Vaa viatu vya kazi, simama mgongo ukutani, bana kitabu kigumu mapajani ukivute juu mpaka kikuumize kidogo, kisha mtu apime toka juu ya kitabu hadi chini. Hiyo ndiyo miguu yako. Urefu wa mtu mzima hausemi kitu. Rwema ni mrefu wa mgongo. Akikaa ni jitu, akisimama tunamtafuta.

Halafu ukae juu ya kila pikipiki, na kiti kipimwe tena ukiwa umekaa. Kiti kitupu kinadanganya. Kingine kinazama chini yako, kingine kinabaki pale pale kama baraza ya msikiti. Na tazama upana. Hiyo ya kijivu naijua bila kuiona: pana kama kochi. Mapaja yakitanuka, miguu inafupika, ile 75 inakuwa kitu kingine. Tena magurudumu yake madogo yataingia kila shimo. Usichukue kifupi kwa sababu tu ni kifupi. Chukua chembamba kinachozama.

Ukishachagua, legeza springi za shokapu za nyuma mpaka mwisho. Wewe ni mwepesi, hazikuhitaji ngumu. Mbele, fungua vibano vinavyoshika shokapu, zipandishe kidogo ndani yake, sentimita mbili, zisizidi. Lazima mbele na nyuma zishuke pamoja. Ukishusha nyuma peke yake, pikipiki inainua pua na usukani hautii. Kisha ikandamize kwa nguvu uone tairi haligusi madigadi. Sponji la kiti likatwe. Na stendi ya pembeni uifupishe, maana pikipiki ikishuka stendi inabaki ndefu, na itaiangusha umegeuka kusalimia watu.

Usitafute nyayo zote mbili chini. Mguu mmoja uliotulia unatosha.

Baba yako


Biryogo
14 Oktoba 1991

Baba,

Shikamoo. Afya yetu nzuri, mvua imeanza, Shangazi ana mafua na hasira. Mama na Keza hawajambo?

Miguu yangu na viatu ni 71. Nilikaa juu ya zote tatu, Shangazi akashika ubao, Silvère akashika mbavu kwa kucheka. Ya kijivu ilikuwa hivyo hivyo ulivyosema, kochi. Vidole vyangu vilining'inia hata pale. Nyekundu haikunisikia kabisa. Lakini ile ya bluu ilizama, na baada ya kulegeza springi ikazama sentimita nne nzima. 81 ikawa 77. Nikasema, wewe ndiye wangu.

Mbele nimezipandisha mbili, kiti kikashuka kama moja. 76. Sponji likatolewa tatu. 73. Hapo hesabu ikagoma: mbili zimebaki na sponji likikatwa zaidi nakalia chuma. Nahimana, anayeshona viti vya magari hapa Biryogo, akasema basi, mtoto wa kike, umefika ukingoni. Nikamwambia lete chaki. Nikakaa, nikachora pale mapaja yanapogusa kiti kwa mbele, nikashuka, nikamwambia ayakate mabega hayo ya kiti na nyuma apaache papana, nipumzike. Akaguna. Akakata. Nilipokaa tena, miguu ilianguka wima, na ncha za viatu vyote viwili zikagusa ardhi. Nikisogeza nyonga kidogo, unyayo mmoja unakaa wote.

Nahimana akasema, "Eh sha, rafiki, hii nimejifunza." Amemfanyia hivyo hivyo katekista mmoja wa Kagugu mwenye kimo changu.

Sasa nina swali. Yote uliyoniandikia, ulikuwa unayajua siku zile? Maana nimelitazama lile sponji lililokatwa, liko hapa mezani. Sentimita tatu. Kitu hiki ndicho kilichokuwa kati yangu na pikipiki yako?

Wewe ni fundi, Baba. Nimesoma barua yako kama mtu anayesikiliza saa ikitengenezwa. Ndiyo maana nauliza.

Mwanao,
Shami


Bukoba
29 Oktoba 1991

Shami mwanangu,

Salaam nyingi. Mama anakubusu. Keza anakuuliza ya bluu ina sauti gani.

Swali lako limenikaa. Niache nalo kwanza.

Hayo mabega ya kiti sikukufundisha mimi. Nimetengeneza pikipiki tangu kabla hujazaliwa, nikakata viti kwa juu tu. Nimetoka nje nikachora chaki kwenye kiti cha mteja, akanitazama kama nimerukwa na akili.

Sasa kusimama, maana huyo shefu wako hatakusimamisha uwanjani. Atakusimamisha mlimani, mimi ningefanya hivyo. Barabara imevimba katikati na kuteremka pembeni. Mfupi lazima ashushe mguu upande wa juu, yaani upande wa katikati ya barabara. Basi shusha wa kulia, ishike pikipiki kwa breki ya mkono, na usogeze nyonga kabla hujasimama, si baada. Kulia kila mara. Fanya mpaka mguu usikuulize.

Baba yako


Biryogo
15 Novemba 1991

Baba,

Shikamoo. Mimi siyo mzima. Kifundo cha mguu kimevimba kama limau na taa ya mbele ya moto imepasuka.

Nilifanya ulivyosema. Kulia kila mara. Mteremko wa Gikondo, nikasogeza nyonga kulia, nikashusha mguu wa kulia, na chini hapakuwa na kitu. Mguu uliendelea kwenda. Nikaingia kwenye mfereji na moto juu yangu, na kisanduku, ambacho nashukuru kilikuwa na mawe ya mazoezi tu. Mwanamke mmoja aliyeuza viazi akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ni ya wanaume." Nilikaa mferejini nikamwamini kidogo.

Nilikaa ndani nimekasirika. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo mtoto hamwandikii baba yake. Halafu jana nikakaa barazani mguu kwenye maji ya chumvi, nikatazama gari zinapita, na nikaona.

Baba, huku tunapita kulia!

Kwenu mnapita kushoto, basi katikati ya barabara iko kulia kwako. Kwangu iko kushoto. Kulia kwangu ni mfereji. Ulinifundisha barabara ya Bukoba na mimi nikaipanda Kigali. Na mimi, ninayepita barabara hizi kila siku, sikufikiri hata kidogo. Baba kasema kulia, basi kulia. Hata chuki yangu yote haikunizuia kutii.

Siku zimebaki chache. Mguu haujanywea. Silvère ameshaanza kuuliza njia za vilima vyangu.

Shami


Bukoba
21 Novemba 1991

Shami,

Nakimbiza barua hii kwa Kalisa, dereva wa lori, analala Rusumo na kesho atakuwa kwenu. Afya baadaye.

Nilicheka, kisha Mama akanitazama nikaacha. Kalisa ananiambia pale darajani Rusumo kila gari linahama upande, na miaka yote amevuka hapo nami nikimtengenezea breki huku. Sikuwahi kuwaza barabara isiyo yangu.

Shusha wa kushoto. Na angalia, huko una bahati kuliko sisi: mguu wako wa kulia unabaki juu, na breki ya nyuma iko pale pale chini yake. Kanyaga hiyo, mlima hautakurudisha. Mkono wako unabaki na kazi ya kuondoka tu. Sisi huku hatuna raha hiyo.

Kama kifundo kilichoumia ni cha kulia, basi kinakanyaga breki, hakibebi uzito. Unaweza.

Umeiona kwa kutazama magari. Mwanafunzi anayemsahihisha mwalimu akiwa na mguu kwenye chumvi, sijawahi kumpata karakanani kwangu. Hata Rwema. Rwema hasa.

Baba


Kagarama
6 Desemba 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, Shangazi amepona na anajisifu kana kwamba alipanda yeye.

Tuliondoka Kimihurura asubuhi. Shefu nyuma yangu kwenye pikapu, Silvère kando yake, shingo nje ya dirisha. Kwenye kizuizi cha askari nikasimama, kushoto, kimya. Askari akazunguka moto, akanitazama. "Wewe katoto, hii moto iko ya nani?" Nikamwambia, "Iko ya vilima vya Kagarama." Akacheka akanipitisha, shefu akabaki anaonyesha karatasi.

Mteremko wa Gikondo niliushuka nikapanda upande wa pili, na pale pabaya kabisa, pale maji yamekula lami, nikasikia honi. "Simama!" Nyonga kwanza. Mguu wa kushoto ukapata ardhi kama unaijua. Wa kulia uliuma lakini ukakanyaga. Moto haikurudi hata unene wa kidole.

"Ondoka!" Nikaondoka. "Simama tena!" Nikasimama. Silvère akapiga kelele, "Anayumba!" Shefu akamwambia, "Ni wewe unayeyumba, kaa ndani."

Tulipofika zahanati alizunguka ile bluu mara kadhaa, akagusa mahali pa chaki, akauliza nani kakifanya hiki kiti. Nikasema, baba yangu na mimi. Akasema, "Madame Shami, vilima ni vyako." Ameanza kuniita Madame. Silvère akaomba aijaribu kidogo. Magoti yakagonga usukani, akashindwa kukata kona uwanjani.

Siku ile ile nilipakia chanjo za kweli. Nilipofungua kisanduku kilima cha mwisho, barafu ilikuwa bado inagonga ukuta. Mama mmoja ambaye mwezi uliopita nilimrudisha alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Mtoto wake alinipiga teke la tumbo. Nilifurahi sana.

Ulikuwa mbali na ulikosea upande, lakini kila kitu kingine kilikaa pale ulipokisema. Najivuna nawe. Bado sijajibiwa.

Mwanao,
Shami


Bukoba
2 Machi 1992

Mwanangu,

Salaam. Tuko wazima wote. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na la kuonyesha.

Ndiyo, nilikuwa nayajua. Springi, shokapu, sponji, yote. Nilimshushia pikipiki padri mfupi wa Kashozi mwaka ule ule uliokuwa unaosha nati. Kwako sikufikiri kutoa spana, na kila nilipotafuta sababu nzuri ya kukupa sikuipata. Hilo ndilo jibu.

Barua yako ya Desemba imebandikwa karakanani. Wateja wanaisoma wakisubiri. Mmoja aliniuliza kama Shami ni mwanangu wa kiume, nikamrudisha aisome tena toka juu.

Sasa nina shida na mimi. Keza amepata miguu ya upande wako, 69 na viatu. Hakuniuliza ruhusa, alichukua kitabu chake cha hesabu akajibana ukutani. Ile ya zamani ya Rwema nimeshusha mbele na nyuma, nimefupisha stendi, sponji limekatwa. Bado vidole vinaelea. Nimechora mabega kwa chaki, lakini mkono wangu unaogopa kukata ubavuni, sijawahi. Wewe ulianzia wapi, na ulikata kina gani kwa mbele?

Jibu upesi, Kalisa anayekuletea hii anaondoka huko Alhamisi. Keza amekaa juu ya pikipiki hapa mlangoni. Amekataa kushuka, ameshikilia usukani, na ananitazama kama ulivyokuwa unanitazama wewe.

Baba yenu